Shangazi na Taa Zake

Kila asubuhi ya kliniki, Mama Mapazia alianza kuogopa akiwa bado jikoni. Hofu ilimjia kwanza kwenye nyayo, hapo hapo ambapo pedeli zingemgusa baadaye, kisha ikapanda taratibu mpaka tumboni, na chai aliyojimiminia ikabaki kikombeni ikipoa. Waliomfahamu wasingeamini. Huyu ndiye mwanamke aliyezoea kupanda ngazi ndefu ndani ya kumbi za watu na kutundika mapazia mazito, pini mdomoni, huku akiwagombeza wanaume wazima waliomshikia ngazi kwa uvivu. Hakuogopa kimo, hakuogopa mbwa wa matajiri, wala hakuogopa kumwambia bwana harusi kwamba rangi aliyochagua haifai. Lakini gari, jamani, gari lilikuwa na mambo yake.

Lenyewe lilikuwa gari dogo la zamani, la rangi ambayo wakati fulani iliitwa buluu. Watoto wao, kabla hawajakua na kwenda kuishi mbali, ndio waliolipa jina la Shangazi, kwa sababu lilinuna kila lilipoamshwa, likakohoa, likalalamika njia nzima, na bado halikukosa shughuli hata moja ya familia. Mwenye Shangazi alikuwa mumewe. Alikuwa dereva wa gari la mikate tangu ujana mpaka kustaafu, mtu wa kuendesha kwa vidole viwili huku akipiga mluzi, na mtaani walimwita Mzee wa Mikate. Miaka yote hiyo mkewe alikaa kiti cha kushoto, na kazi yake humo ilikuwa moja tu, kuogopa kwa niaba ya wote.

Kisha kiharusi kikamwangusha mzee mlangoni pa bafu, taulo begani. Aliponyanyuliwa, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na maneno yalikuwa yamemtoka yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "haya". Akitaka maji, haya. Akikataa uji, haya. Akikasirika, haya hizo zilitoka kwa mfululizo na mate kidogo. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, mtu aliona machoni, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe kuliko yote.

Idara ya mazoezi ya viungo ilikuwa juu, kwenye hospitali ya mlimani. Dada wa mazoezi alimweleza Mama Mapazia bila kuzunguka: mzee akihudhuria, mguu utarudi na huenda mkono nao ukafuata, akikosakosa, mkono utajikunja na kubaki hivyo hivyo. Basi la abiria halikumfaa mtu asiyeweza kuinua mguu wake, na majirani wenye magari walikuwa na kazi zao. Shangazi alikuwa uani, amefunikwa turubai. Hivyo mwanamke ambaye wenzake wa rika lake walikuwa wakijifunza kukaa kitako na kupumzika, yeye akaenda kujifunza kuendesha.

Mwalimu wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mzee, mwanamume mcheshi asiyejua kunyamaza. Siku ya kwanza hakumruhusu hata kutoka nje ya geti.

"Shemeji, barabara utaiona baadaye, haiendi popote. Kwanza mwangalie huyu usoni," alisema, akigonga kioo cha dashibodi kwa kucha. "Humu ndimo anamosemea."

Akamfundisha. Mshale mkubwa ni wa mwendo, huo hata mtoto anaujua. Mshale wa joto la injini ukae katikati. Ukianza kupanda kuelekea kwenye wekundu, weka pembeni, zima, na usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta ukiwa na uso unaoupenda. Mshale wa petroli ni mwongo tangu kuzaliwa: tangi likijaa husema nusu, likiwa nusu husema kwisha, na ukiugonga na kifundo cha kidole hubadili mawazo. Kale kabirika kekundu kenye tone mdomoni ni oili. Kasanduku ni betri. Ile ya njano yenye umbo la injini imewaka miaka mingi, na Kipara, fundi wao wa siku zote, alishaikagua na kusema imekuwa mwenyeji.

"Nyekundu, simama. Njano, kamwone fundi. Kijani ni zako mwenyewe, umeziwasha wewe," shemeji alisema. "Sasa zungusha ufunguo kidogo tu, usiwashe."

Alizungusha. Taa ziliruka zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu na njano, na Mama Mapazia akaruka nazo.

"Usikimbie! Zinajitambulisha tu kwamba ziko hai. Washa injini. Umeona? Zimezima. Zikizima, nenda zako. Ikibaki hata moja, mbali na huyo mwenyeji wetu, zima gari uniite."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ibada yake. Kabla ya kila safari alizungusha ufunguo, akaziangalia taa zikiruka, akawasha injini, akasubiri kuona ipi itakayobaki. Hakuwahi kuangalia ngapi zimeruka. Nani angeangalia hilo? Mtu huhofia kinachowaka. Barabarani macho yake yalikuwa yakishuka kwenye dashibodi kila mara, mpaka shemeji akamwambia atakuja kumgonga mtu huku geji zote zikiwa sawasawa.

Hofu yake ya taa haikuanza jana. Zamani, mtoto wao wa mwisho akiwa bado shule, taa nyekundu ya breki ilipata wazimu. Ilikuwa ya duara, ina alama ya mshangao katikati, na kila mzee alipokata kona iliwaka mara moja na kuzima. Na kila ilipowaka, Mama Mapazia alipiga ukelele.

"Breki! Baba watoto, breki!"

"Breki zipo, mama."

"Mbona inawaka?"

"Inawaka kwa sababu inapenda sauti yako."

Mzee aliongeza mafuta ya breki, taa ikaendelea. Kipara akaangalia, akasema ni kiboya kinachoelea ndani ya kikopo cha mafuta, kinachezacheza, kisiwatoe roho. Lakini yeye roho ilikuwa imeshamtoka. Ikafika siku akagoma kabisa. Walikuwa wakienda harusini, amevaa, amejipodoa, na alipoiona ile taa ikimkonyeza kwenye kona ya kwanza akaamuru gari lisimame, akashuka na viatu vyake virefu, akaenda kusubiri basi. Mzee alifika harusini peke yake na zawadi mapajani, na wakwe wakauliza maswali.

Wiki hiyo hiyo mzee alishinda mchana mzima amelala chali chini ya usukani, miguu ikitokeza nje. Aliingia ndani akijipangusa mikono.

"Nimeitengeneza," alisema. "Sasa utaniacha nipumue?"

Na kweli taa haikuwaka tena. Mama Mapazia alirudi kwenye kiti chake cha kushoto akiwa na amani, hata akaanza kusinzia safarini. Alichogundua tu ni kwamba tangu hapo mzee alikuwa na desturi mpya. Kila Jumapili, kabla ya chai, alifungua boneti, akainama na tochi juu ya kikopo kidogo cha mafuta ya breki, akakitazama, akafunga. Mkewe alimtania kwamba Shangazi amekuwa mke mwenza. Mzee alicheka tu.

Sasa Jumapili zilipita na boneti haikufunguliwa. Shemeji akija alipima oili na maji, akafunga, akaomba chai.

Mzee ndiye aliyeanza kuharibu safari. Hakuwa na neno walipotoka mlangoni, lakini mkewe alipozungusha ufunguo tu, alijipinda kwenye kiti, akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, mpaka mbele ya usukani, akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole. "Haya. Haya, haya." Kidole kiliganda sehemu moja, chini ya mshale wa joto, ambapo hapakuwa na kitu. Palikuwa peusi tu.

"Nini, mzee? Joto? Joto liko sawa."

"Haya!"

"Petroli ipo, niliigonga."

"Haya, haya, haya!"

Alifikiri ni vumbi, akapangusa kioo kwa kitambaa. Alifikiri ni gia, akabadilisha gia. Alimuuliza shemeji, naye kwa mara ya kwanza akaacha mzaha, akasema, "Kaka anatamani kuendesha. Mtu ameshika usukani maisha yake yote, leo anaendeshwa. Mvumilie tu."

Alimvumilia. Lakini kuogopa ni kazi ya kutosha, na kuogopa huku unanyooshewa kidole ni kazi mbili. Barabara ya kuteremka kutoka hospitalini ilikuwa na kona mbili, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande mwingine, na mwisho wake ilimwagikia kwenye njia kuu yenye malori. Kila alipoiteremka mikono iliacha alama za jasho kwenye usukani. Usiku aliota anakanyaga na hakuna kitu chini ya mguu. Akiamka alimsikiliza mzee akipumua kando yake, akajiambia, huyu nimebeba roho yake, na sijui ninachokifanya.

Siku moja, wakiwa bado getini, mzee alianza tena, safari hii kwa ngumi. Aligonga dashibodi mpaka kioo kikalia. Machozi yalikuwa yakimtoka. Na Mama Mapazia, ambaye hakuwa amelala vizuri, ambaye chai yake ilikuwa imepoa tena, akapasuka.

"Kama unaona sijui, endesha wewe! Endesha! Mimi nafanya ninachoweza, unanigongea, unanitisha! Nikipinduka nalo utafurahi?"

Mzee aliurudisha mkono. Aliuweka juu ya ule mkono uliokufa, akageuza uso dirishani. Njia nzima hakutoa hata haya moja. Mkewe aliona aibu kabla hata hawajafika kona ya sokoni, akataka kusema pole, akaona aiseme jioni, na jioni akaona imekwisha. Tangu siku ile mzee hakuigusa tena dashibodi. Safari zikawa kimya, na yeye, Mungu amsamehe, akaona afadhali.

Ilikuwa mchana mweupe, jua kali, siku ambayo dada wa mazoezi alikuwa amewapa habari njema. Mzee alikuwa ametembea mwenyewe ameshika vyuma, urefu wa chumba. Mama Mapazia alimfunga mkanda, akazungusha ufunguo, akaziangalia taa. Ziliruka. Zikazima. Akabaki mwenyeji peke yake. Akashusha breki ya mkono, akaanza kuteremka.

Kwenye kona ya kwanza pedeli ilikuwa laini kidogo. Alihisi, akaangalia dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa katikati. Hakuna birika, hakuna betri, hakuna nyekundu yoyote. Akajipa moyo kwamba ni viatu.

Baada ya kona alikanyaga tena, na mguu ukashuka. Ulishuka mpaka sakafuni bila kukutana na kitu chochote, kama ngazi ambayo fundi amesahau kipandio. Alikanyaga tena na tena. Akafanya lile alilolizoea, akaangalia dashibodi, akitafuta ile taa ambayo ingemwambia ni nini na afanye nini, na dashibodi ilimtazama tu, shwari, kila kitu kiko sawa, mama, endelea. Ukuta wa mawe ulikuwa ukipita haraka zaidi kuliko alivyowahi kuuona ukipita. Mbele ilikuwa kona ya pili, na baada yake malori.

"Mzee," alinong'ona.

Mzee alikuwa ameshageuka. Breki ya mkono ilikuwa katikati yao, upande wake wa kulia, upande uliokufa. Alijitupa juu yake mwili mzima, mkanda ukimkaba shingoni, akapitisha mkono wa kushoto juu ya mapaja yake, akaishika ile fimbo na kuivuta. Hakuivuta yote. Aliivuta kidogo, akailegeza, akaivuta tena, kama mtu anayemzuia ng'ombe kwa kamba, na nyuma matairi yakalia. Kisha akaiachia, akampiga mkewe mkono uliokuwa kwenye gia. "Haya!" Akampiga tena. Ndipo mkewe alipoelewa, akaingiza gia ya pili, injini ikanguruma na gari likainama mbele, na mzee akairudia fimbo yake akaivuta mpaka juu. Waliingia kona ya pili wakiserereka. Pembeni palikuwa na nyumba inayojengwa na mchanga uliomwagwa kando ya barabara. Mama Mapazia alielekeza usukani kwenye mchanga na kufumba macho.

Gari lilizama hadi taa za mbele na kuzimika. Kitu cha kwanza alichokisikia ni mafundi uashi wakishuka mbio kwenye ngazi zao. Cha pili ni meno yake mwenyewe yakigongana. Mzee alikuwa bado amejikunja juu ya breki ya mkono, vidole vimegoma kuachia, na ilibidi mkewe amfungue kimoja kimoja, akilia, akimwambia basi, mzee wangu, tumesimama, basi.

Shemeji alikuja na Kipara. Kipara alikuwa mtu mnene, mpole, na hakusema mengi. Alizunguka gari, akapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, akapitisha kidole kwa ndani, na kidole kikatoka kimelowa.

"Silinda ya gurudumu hili inavuja," alisema. "Na haikuanza leo. Ni majuma. Kikopo kimekauka." Akainuka, akamtazama Mama Mapazia kwa uso wa lawama. "Mama, taa si ilikuwa inawaka? Ukaidharau?"

"Mimi?" Alisahau kutetemeka. "Mimi nidharau taa?"

"Lazima iliwaka."

"Haikuwaka. Naapa kwa watoto wangu. Niliangalia mpaka macho yakaniuma, hakikuwaka chochote."

Shemeji alimtetea, akasema huyu mwanamke anaogopa hata taa ya friji. Kipara akaingia kwenye kiti cha dereva. Breki ya mkono ilikuwa bado iko juu. Akazungusha ufunguo, taa zikaruka, na akakaa akizitazama kwa muda mrefu.

"Breki ya mkono ikiwa juu, ya breki inatakiwa iwe inawaka sasa hivi," alisema. "Iko wapi?"

Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya mshale wa joto, pale peusi. Mama Mapazia alikitazama kile kidole.

Kipara alitoa bisibisi, akalegeza skrubu, akaivuta dashibodi kwa mbele na kuchungulia nyuma yake. "Haikuungua," alisema. "Balbu haimo kabisa. Mtu ameitoa." Akapapasa mfukoni mwa shati, akatoa kibalbu kilichokaa kwenye kishikio cha plastiki cha kahawia, kitu kizima hakizidi punje ya mahindi. "Kitu chenyewe ni hiki. Nitaweka."

"Usiweke," alisema Mama Mapazia. "Ninayo."

Mzee alikuwa ameketi na mlango wazi, miguu nje kwenye mchanga, amelitazama paja lake. Hakuinua uso.

Kwenye chumba chake cha kushonea, juu ya kabati, kando ya cherehani, palikuwa na kopo la biskuti la vifungo. Ndimo ilimoishia kila takataka ndogo ya nyumba ile, kulabu, pete za mapazia, skrubu zisizo na kwao. Miaka yote alipotafuta kifungo, vidole vyake vilikutana na kabalbu kenye kishikio cha kahawia. Alidhani ni ka tochi, au ka cherehani. Zaidi ya mara moja alitaka kukatupa, akaona katakuja kufaa.

Jua lilikuwa linatua alipolishusha kopo na kulimwaga lote mezani, mbele ya mumewe. Vifungo vilibiringika mpaka chini. Mzee alilitazama lile rundo, akanyoosha mkono wa kushoto, akavisogeza vifungo kando kwa kidole, polepole, na kuiokota balbu. Akaiweka kwenye kiganja cha mkewe, akakifunga kiganja.

"Haya," alisema.

"Uliitoa kwa sababu yangu," alisema Mama Mapazia. "Kwa sababu nilikuwa napiga kelele."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana Jumapili ulikuwa unafungua boneti."

Akaitikia tena.

"Na ulipoanguka hapakuwa na mtu wa kuangalia. Ukawa unaniambia."

Hapo mzee alilia tu. Mama Mapazia alikaa sakafuni katikati ya vifungo vyake. Alikuwa na hasira naye. Alimwona mjinga, mzee mjinga anayeng'oa taa badala ya kuitengeneza, ambaye angewaua wote wawili ili apumue kidogo. Lakini hasira ile haikufika mbali, maana nyuma yake ilikuwa inakuja sauti yake mwenyewe pale getini, endesha wewe, unanitisha, na mkono wa mtu mgonjwa ukirudi taratibu na kulala juu ya mwenzake. Taa ya kwanza ilitolewa ili yeye asiogope. Ya pili aliizima mwenyewe, kwa mdomo wake. Alijua hivyo na akaogopa upya, zaidi ya alivyoogopa mlimani, kwa kufikiri ni mara ngapi walikwenda na kurudi hivyo wakiwa kimya.

"Nisikilize," alisema, akimshika goti lililokufa, kisha akahamia lile zima ili amhisi. "Ukiona kitu, gonga. Nikikufokea, gonga zaidi. Gonga mpaka kioo kipasuke. Umenielewa? Usininyamazie tena."

Kipara alibadilisha silinda na kiboya, akajaza mafuta mapya, akarudisha balbu ya zamani mahali pake. Ilikuwa bado nzima. Siku ya kliniki ilipofika, Mama Mapazia aliacha chai ikapoa kama kawaida. Alimfunga mzee mkanda. Alizungusha ufunguo, na sasa alizihesabu kwa sauti, moja moja, akizitaja kwa majina yake ya nyumbani: birika, sanduku, mwenyeji, na ile ya duara, nyekundu, kali, inayomkodolea jicho kutoka pale palipokuwa peusi. Aliiona na moyo ukampiga vile vile kama zamani. Mzee aliitikia kwa kichwa kila moja ilipotajwa.

Aliwasha injini. Alishusha breki ya mkono, akakanyaga pedeli mara kadhaa kuhakikisha ipo, akatia gia. Alikuwa akiufikiria ule mteremko, na macho aliyapeleka barabarani, mbali, kama shemeji alivyomshauri siku zote. Gari likaanza kutoka getini kwa uzito.

Ngumi ikatua kwenye dashibodi. "Haya! Haya, haya!"

Alikanyaga kwa nguvu zote, wote wawili wakatupwa mbele na kurudi. Mzee alikuwa amejinyoosha mbele yake, kidole kwenye kioo, na chini ya kidole taa nyekundu ya duara ilikuwa inawaka. Mama Mapazia aliitazama kwa hofu, akashindwa kuelewa, kisha akashusha macho kwenye fimbo iliyo katikati yao. Hakuwa ameishusha yote. Aliisukuma mpaka chini, na taa ikazima.

"Umenitisha," alisema, akihema.

"Haya," alisema mzee. Aliurudisha mkono, lakini hakugeukia dirishani. Aliendelea kuitazama dashibodi, na mkewe akatia gia upya na kuingia barabarani.